Red Foley na kipindi cha Jumamosi usiku kutoka Missouri

Jumamosi usiku, tarehe 22 Januari 1955, mwanamume mwenye umri wa miaka 44 alisimama mbele ya kamera katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, akawakaribisha Wamarekani katika kipindi kipya kilichoitwa Ozark Jubilee. Sauti yake ilikuwa nzito na laini, na alizungumza polepole, kana kwamba wageni wamemkuta barazani kwake. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Clyde Julian Foley. Watazamaji walimfahamu kwa jina la Red, kutokana na wekundu wa nywele zake.

Muziki wa kantri ulikuwa umeonekana kwenye televisheni kabla ya hapo, lakini kwa vipande na majaribio. Kipindi hicho cha shirika la ABC ndicho kilichowaleta nyota wakubwa wa muziki huo mbele ya taifa zima, wiki baada ya wiki, kwa karibu miaka sita. Kiongozi wake alikuwa na sifa iliyokuwa adimu wakati huo: aliimba nyimbo za watu wa mashambani bila kuwafanya watu hao kichekesho, na mtu wa mjini aliyemsikiliza hakujiona mgeni.

Red Foley alizaliwa tarehe 17 Juni 1910 katika kitongoji cha Blue Lick, jimbo la Kentucky, akakulia karibu na mji mdogo wa Berea. Baba yake alikuwa na duka. Mtoto alianza kupiga gitaa na kinanda cha mdomo akiwa bado mdogo sana. Eneo hilo limo pembezoni mwa milima ya Appalachia, ambako familia ziliishi kwa kilimo kidogo, uchimbaji wa makaa ya mawe na imani ya kanisa. Nyimbo zao zilikuwa za aina mbili hasa: za kusimulia vifo na mapenzi yaliyovunjika, na za kumwomba Mungu. Foley hakuziacha nyimbo za aina hizo mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1930, akiwa bado mwanafunzi katika chuo cha Georgetown jimboni Kentucky, alionwa na mtafuta vipaji wa kituo cha redio cha WLS cha Chicago. Kituo hicho kilirusha kila Jumamosi kipindi kilichojulikana kama National Barn Dance, mfano wa ngoma ya ghalani iliyohamishiwa hewani. Foley aliacha masomo akaenda Chicago, akaingia katika kundi la Cumberland Ridge Runners lililoongozwa na John Lair, naye pia mzaliwa wa Kentucky.

Chicago ya miaka hiyo ilikuwa imejaa watu waliotoka kwingine. Wazungu maskini kutoka milimani walikuwa wakishuka kutafuta vibarua viwandani. Weusi kutoka majimbo ya Kusini walikuwa wakikimbia umaskini na sheria za ubaguzi. Makundi hayo mawili hayakukaa mitaa mimoja wala kusali katika makanisa mamoja, lakini kila moja lilikuja na nyimbo zake, na kila moja lilizitegemea ili lisisahau kwao. Mtu wa Kentucky aliyechekwa kazini kwa lafudhi yake alirudi Jumamosi jioni akafungua redio, akasikia lafudhi ile ile ikitoka kwenye chombo bila haya. Umaarufu wa National Barn Dance hauelezeki vizuri bila hali hiyo. Vyombo vya habari vya mjini viliuita muziki huo wa washamba, na ni washamba hao walioufanya kuwa biashara.

Foley alikuwa ameoa msichana wa Kentucky, Pauline Cox, akafuatana naye mjini. Mwaka 1933 Pauline alifariki wakati wa kujifungua mtoto wao wa kwanza, Betty. Mtoto akapona. Baba alikuwa na umri wa miaka 22, mbali na kwao, mwenye kichanga na kazi ya kuwafurahisha watu kila Jumamosi.

Miezi michache kabla ya hapo, katika jiji hilo hilo, msiba unaokaribia kufanana na huo ulikuwa umempata mwanamuziki mwingine ambaye Foley hakuwa na sababu ya kumjua. Thomas A. Dorsey, mzaliwa wa Georgia, Mmarekani Mweusi aliyewahi kupiga piano ya bluzi kwa jina la Georgia Tom, alikuwa safarini St. Louis mwezi Agosti 1932 alipopata habari kuwa mkewe Nettie amefariki akijifungua. Mtoto naye hakuishi. Dorsey aligeukia nyimbo za injili moja kwa moja, akawa mwalimu wa kwaya na mtunzi ambaye Wamarekani Weusi wengi humwita baba wa muziki huo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, akiwa ndani ya treni huku habari za vita vya Ulaya zikizidi kukaribia, aliona wanyama wakilisha pamoja bondeni kwa utulivu. Hapo ndipo alipopata wazo la wimbo Peace in the Valley, unaohusu bonde la amani baada ya tabu za dunia. Aliutunga kwa ajili ya Mahalia Jackson. Wimbo huo ulikuja kukutana na Foley miaka zaidi ya kumi baadaye.

Katika kipindi hicho cha huzuni Foley naye alitunga wimbo ambao ungeishi kuliko yeye. Old Shep ni hadithi ya mvulana na mbwa wake, tangu wote wawili wakiwa wadogo hadi mbwa anapozeeka na kufa. Foley mwenyewe alikuwa na mbwa utotoni, naye alikufa kwa sumu aliyowekewa na jirani. Kwa sikio la leo wimbo huo unaweza kuonekana umezidisha machozi, lakini watoto wa Marekani ya wakati huo waliukariri. Mwaka 1945, katika maonyesho ya kilimo ya Tupelo, Mississippi, mvulana wa miaka 10 alipanda jukwaani bila ala yoyote akauimba mbele ya watu. Mvulana huyo alikuwa Elvis Presley.

Foley alioa tena mwaka huo huo wa 1933. Mkewe wa pili, Eva Overstake, alikuwa mwimbaji wa WLS katika kundi la dada watatu, na baadaye aliimba kwa jina la Judy Martin. Walipata mabinti watatu, Shirley, Julie na Jenny, waliolelewa pamoja na Betty. Mwaka 1937 Foley alishirikiana na John Lair kuanzisha kipindi kingine cha redio, Renfro Valley Barn Dance. Mwaka 1939 akawa mwimbaji wa kwanza wa kantri kuongoza kipindi cha redio cha mtandao wa kitaifa, Avalon Time, ambacho pia kilimtangaza mchekeshaji Red Skelton.

Kuanzia mwaka 1941 alirekodi na kampuni ya Decca. Mwaka 1944, wakati wa vita, wimbo wake Smoke on the Water, uliotabiri kushindwa kwa maadui wa Marekani, ulikaa kileleni mwa orodha ya kantri kwa wiki 13. Mwaka 1945 alirekodi katika studio ya kituo cha WSM mjini Nashville. Wakati huo wasanii wakubwa walilazimika kusafiri hadi Chicago au New York kufanya kazi hiyo. Hakuna aliyejua kwamba miaka michache baadaye studio ndizo zingekuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Nashville.

Mwaka uliofuata alihamia mji huo. Roy Acuff, nyota mkubwa wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, alikuwa ameondoka, na nafasi yake katika sehemu iliyorushwa nchi nzima na NBC akapewa Foley. Mashabiki wa zamani walimtilia shaka. Walimwona laini mno, mtu wa Chicago aliyevaa nadhifu na kuimba bila kukwaruza koo. Ulaini huo ndio uliomfikisha pale wengine hawakufika. Mwanzoni mwa 1950 wimbo wake Chattanoogie Shoe Shine Boy, unaomsifu kijana mpiga kiwi wa mjini Tennessee, uliongoza orodha ya kantri kwa wiki 13 na orodha ya muziki wa kawaida kwa wiki 8. Watu ambao wasingekubali kununua santuri ya kishamba waliinunua hiyo.

Mwaka 1951 Foley alirekodi Peace in the Valley, akisindikizwa na kundi la Sunshine Boys. Santuri hiyo ilikuwa miongoni mwa rekodi za kwanza za injili kuuzwa kwa mamilioni, na mwaka 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi. Wimbo wa mtunzi Mweusi wa Chicago ulikuwa umeingia katika nyumba za Wazungu wa Kusini, ambako Dorsey mwenyewe asingeruhusiwa kula katika mikahawa yao. Hilo halikuwazuia kuupenda. Waliuimba mazishini na makanisani, wengi wao bila kujua umetoka wapi. Foley hakuwa mpigania haki, na haingekuwa haki kumpamba kwa sifa hiyo. Ila alirudia kuchota katika kisima hicho: mwaka mmoja kabla alikuwa amerekodi Steal Away, wimbo wa kiroho uliotoka kwa watumwa.

Mwaka huo wa 1951, wakati sauti yake ikiwatuliza watu majumbani, nyumba yake mwenyewe ilivunjika. Mwezi Novemba Eva alijitoa uhai. Ndoa ilikuwa imeingia ufa, na habari za uhusiano wa Foley na mwimbaji Sally Sweet, ambaye baadaye alimwoa, zilikuwa zimezagaa Nashville. Pombe, iliyokuwa mwenzake tangu zamani, ikazidi. Mabinti walikuwa bado wadogo. Foley alipunguza safari na maonyesho ili awe nao, kisha mwaka 1953 akaachana na Opry. Mwaka huo huo binti yake Shirley aliolewa na kijana mmoja wa Nashville aliyekuwa akijaribu bahati yake katika uimbaji, Pat Boone, ambaye kabla ya miaka mitatu kupita angekuwa maarufu kuliko mkwewe.

Watu wa Springfield walimkuta akiwa katika hali hiyo. Springfield ni mji wa kusini-magharibi mwa Missouri, katika vilima vya Ozark. Kituo chake cha redio cha KWTO kilikuwa na wanamuziki hodari, na mmoja wa viongozi wake, Si Siman, aliamini kwamba televisheni ingekuwa ya yule atakayewahi. Nashville ilikuwa imeshiba na Opry yake ya redio na haikuona haraka. Siman alihitaji jina moja kubwa ambalo shirika la New York lingeliamini. Mwaka 1954 alimshawishi Foley ahamie Springfield. Kwa Foley ilikuwa nafasi ya kuanza upya mahali ambapo si kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu mkewe.

ABC ndiyo iliyokuwa dhaifu miongoni mwa mashirika matatu makubwa ya televisheni, na huenda udhaifu huo ndio uliowapa watu wa Missouri nafasi. Shirika lenye nguvu lisingekabidhi usiku wa Jumamosi kwa mji usiojulikana. Mwanzo ulikuwa wa taabu. Springfield haikuwa na mitambo ya kurusha matangazo kwenda nchi nzima, kwa hiyo wanamuziki, wachezaji ngoma na wachekeshaji walisafiri kila wiki zaidi ya kilomita 200 hadi Columbia, wakarusha kipindi moja kwa moja kutoka studio ya huko, kisha wakarudi usiku. Hali hiyo iliendelea hadi tarehe 30 Aprili 1955, kipindi kilipohamia katika jumba la Jewell mjini Springfield, ukumbi wa sinema uliofanyiwa matengenezo ili upokee kamera.

Kila kitu kilirushwa wakati huo huo kinapotendeka. Mwimbaji akisahau neno, nchi nzima ilisikia. Foley aliongoza kwa mkono mwepesi: wimbo wake, mgeni, ngoma ya jozi nne nne, mchekeshaji, tangazo la mdhamini, mgeni mwingine. Mara nyingi, kabla ya kuaga, kelele zilishushwa kwa wimbo wa dini, na hapo ndipo alipokuwa bora kuliko mtu yeyote kwenye televisheni ya wakati wake. Wageni walikuwa akina Porter Wagoner, Wanda Jackson na Carl Perkins. Miongoni mwa wadhamini wa miaka ya mwisho alikuwemo Massey-Ferguson, mtengenezaji wa matrekta ambayo wakulima wa Afrika Mashariki nao wanayafahamu vyema. Jina la kipindi lilibadilishwa mara mbili, kuwa Country Music Jubilee mwaka 1957 na Jubilee USA mwaka 1958, kwa nia ya kuwavuta watu wasiojua Ozark ni nini. Watazamaji wengi waliendelea kukiita kwa jina la kwanza.

Mapema mwaka 1956 Foley alikuwa Augusta, Georgia, kwa onyesho, akaombwa amsikilize mtoto mmoja wa kike wa huko. Mtoto huyo alikuwa yatima wa baba, na uimbaji wake ulikuwa tayari ukiisaidia familia kupata riziki. Alipofungua kinywa, sauti iliyotoka haikulingana na mwili ule mdogo. Foley alimruhusu aimbe jukwaani jioni ile ile, kisha akamwalika Springfield. Tarehe 31 Machi 1956 Brenda Lee, mwenye umri wa miaka 11, alionekana kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya taifa katika kipindi cha Foley. Miaka minne baadaye alikuwa mmoja wa waimbaji wanawake waliouza santuri nyingi zaidi Marekani. Mtu ambaye hakuweza kujisaidia katika mambo yake mwenyewe alikuwa na jicho na moyo kwa wengine. Wenzake wengi walimkumbuka zaidi kwa hilo.

Mwaka 1958, kwa wiki kadhaa za majira ya joto, Foley hakuwepo, na aliyeshika nafasi yake alikuwa mwimbaji wa Texas mwenye sauti ya chini na ya upole, Jim Reeves. Jina hilo halihitaji utambulisho kwa wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki. Nchini Kenya hasa, santuri za Reeves zimepigwa redioni na majumbani kwa miongo mingi, Jumapili asubuhi na nyakati za msiba, na wapo wazee wanaozijua nyimbo zake kuliko Wamarekani wa umri wao. Reeves alifariki katika ajali ya ndege karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964. Anayesikiliza rekodi za Foley za mwanzoni mwa miaka ya 1950, hasa za dini, atatambua kwamba njia ya kuimba kantri kwa sauti ya chini, bila papara, karibu kama mtu anayezungumza, ilikuwa imeshapitwa na mtu wa Kentucky kabla Reeves hajaifanya yake.

Springfield kwa miaka hiyo michache ilitajwa kuwa mshindani wa Nashville. Wanamuziki walihamia, kampuni za kuchapisha nyimbo zikafunguliwa, na mji ukaanza kujiona kuwa mji mkuu wa kantri. Ujenzi wote huo ulisimama juu ya mtu mmoja na mkataba wa televisheni.

Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilimfungulia Foley mashtaka ya kukwepa kodi ya mapato. Kwa mtu aliyejulikana kwa upole na nyimbo za injili, shutuma hiyo ilikuwa aibu kubwa, na wadhamini wa televisheni hawakuwa na subira na aibu. ABC ilikuwa pia imenunua haki za kuonyesha ndondi na ilihitaji usiku wa Jumamosi kwa ajili hiyo. Sababu ipi ilikuwa na uzito zaidi ni vigumu kupima, lakini zilikuja pamoja. Kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 24 Septemba 1960. Kesi ya kwanza ilivunjika bila hukumu. Katika kesi ya pili, mwaka 1961, Foley alifutiwa mashtaka. Hukumu hiyo ilimsafisha jina, lakini kipindi hakikurudi.

Mwaka huo wa 1961 NBC ilijaribu kipindi kingine cha kantri kutoka Springfield, safari hii kwa rangi, kikadumu miezi michache tu. Wanamuziki wakaanza kuondoka. Porter Wagoner, aliyepata umaarufu wake Springfield, alikuwa amehamia Nashville na kuanzisha kipindi chake mwenyewe cha televisheni, ambamo mwaka 1967 alimwingiza msichana wa milima ya Tennessee aliyeitwa Dolly Parton. Mfumo wa kipindi hicho, wa mwenyeji, bendi, mchekeshaji, msichana mwimbaji na wimbo wa dini, ungetambulika na yeyote aliyewahi kumtazama Foley.

Foley mwenyewe aliendelea. Kati ya 1962 na 1963 aliigiza kama mjomba katika tamthilia ya televisheni ya ABC iliyoitwa Mr. Smith Goes to Washington, pamoja na mwigizaji Fess Parker. Aliimba katika kumbi za miji midogo. Nyimbo zake mpya hazikupanda tena juu, kwani vijana walikuwa wakisikiliza mambo mengine, wakiwemo wale waliojifunza kwake. Elvis Presley, yule mvulana wa Tupelo, alikuwa amerekodi Old Shep mwaka 1956, na Januari 1957 aliimba Peace in the Valley katika kipindi cha Ed Sullivan mbele ya mamilioni ya watazamaji, ambao baadhi yao walikuwa wakimlaumu kwa kuharibu maadili. Wimbo wa Dorsey, uliopitia kinywani mwa Foley, ndio uliomsaidia siku ile kuonekana kijana wa kanisani.

Mwaka 1967 Red Foley aliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba santuri zake zilizouzwa zilifikia takriban milioni 25. Miezi michache tu baada ya heshima hiyo alikuwa bado njiani, akilala hotelini kama alivyofanya tangu ujana.

Tarehe 19 Septemba 1968 alikuwa Fort Wayne, jimbo la Indiana, kwa maonyesho mawili. Kwenye msafara huo alikuwemo kijana wa miaka 19, Hank Williams Jr., mwana wa Hank Williams aliyewahi kuimba pamoja na Foley katika Opry na kufa safarini mwaka 1953. Foley alimaliza kazi yake ya usiku ule, akarudi hotelini, akafariki usingizini. Alikuwa na umri wa miaka 58. Kijana huyo, aliyempoteza baba yake akiwa na miaka mitatu, baadaye alitoa wimbo kuhusu usiku huo. Foley alizikwa Nashville.

Jumba la Jewell lilibomolewa. Kwa kuwa kipindi kilirushwa moja kwa moja, sehemu kubwa yake ilipotea hewani siku ile ile ilipoonyeshwa. Kilichobaki ni reli kadhaa za filamu zilizopigwa kwa kuelekeza kamera kwenye kioo cha televisheni. Chuo Kikuu cha Missouri State, kilichopo Springfield, kimezikusanya na kuzihamishia katika mfumo wa kidijitali. Picha ni za rangi nyeusi na nyeupe, kingo zake zimefifia, na sauti ina mikwaruzo. Katika baadhi yake Foley anaonekana akiimba wimbo wa dini, macho kwenye kamera, bendi ikiwa imenyamaza nyuma yake.